Jirani Aliyetushikia Mtoto

Sisi ni wasichana wawili wa tumbo moja, wakazi wa Morogoro. Tumeamua kuandika pamoja kwa sababu yaliyotupata tuliyabeba pamoja.

Mwaka 2020 mmoja wetu alipata mimba akiwa Kidato cha Tatu. Hatutasema ni yupi, maana majirani walipoanza kutunyooshea vidole hawakuchagua. Wakati huo msichana aliyejifungua hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Mama aliona aibu hata kwenda kwenye kikundi chake cha kuweka akiba. Baba, ambaye ni mlinzi wa usiku, alinyamaza. Mtoto alizaliwa mwanzoni mwa 2021, wa kiume, mwenye afya njema, lakini babu yake hakumshika.

Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya uzazi wanaweza kurudi. Tulifurahi, kisha tukakaa chini kuhesabu. Ada ilikwisha kufutwa tangu 2016, lakini sare na madaftari vilitaka fedha. Na mtoto je, angebaki na nani? Mama huondoka alfajiri kwenda kuuza mboga sokoni. Mwenzetu mwingine naye alikuwa bado anasoma. Wakati huohuo shangazi alituletea habari za kazi ya ndani Dar es Salaam. Mshahara haukuwa mkubwa, ila ungenunua maziwa. Tulikuwa tumekwisha kufunga mzigo.

Jioni moja jirani yetu muuza vitumbua alikuja kurudisha ungo. Tulimwamkia. "Marahaba, wanangu. Mzigo huu wa nani?" Tukamweleza. Hakutuhubiria wala hakuuliza baba wa mtoto ni nani. Alimgeukia baba, akasema, "Mzee, wewe unarudi kutoka lindoni saa kumi na mbili asubuhi. Mshike mjukuu wako mpaka saa tatu. Nikimaliza vitumbua vyangu nitakuja kumchukua."

Baba hakujibu. Lakini Januari 2022, asubuhi ile shule zilipofunguliwa, alivua koti lake la ulinzi, akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Mama aligeuka upande, akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Haikuwa rahisi. Muhula wa kwanza alama zilikuwa mbaya. Wanafunzi wengine walimwita mwenzao "mama mtu". Siku moja mtoto alimkimbilia jirani akiita "Mama!", na mama yake mzazi amesimama pale pale na sare zake. Iliuma. Usiku ule tulilia sote wawili, tukaulizana kama tulichagua vema. Asubuhi tukaamka tukaendelea.

Novemba 2023 mtihani wa Kidato cha Nne ulifanyika, na mwenzetu akafaulu. Leo anasomea uuguzi. Tulipompelekea jirani yetu kitenge cha shukrani alikipokea, lakini fedha alizikataa. "Nanyi mtashika wa mwenzenu," alisema. Basi kila Jumamosi tunakaa na watoto wa mama mmoja wa mtaani kwetu ili apate kwenda kufua nguo za watu.

Watu husema vijana tunachagua maisha yetu wenyewe. Ni kweli, lakini tumejifunza kwamba mtu huchagua kati ya milango aliyofunguliwa. Sisi tulifunguliwa mmoja na mama asiye na fedha, mwenye saa chache tu za kutoa.

Akina mama, huenda upande wa pili wa ua wako yuko binti aliyekwisha kufunga mzigo. Usingoje kuwa na kitu kikubwa. Nenda ukarudishe ungo, na ukiwa pale, muulize anakwenda wapi.