Ukitaka mtoto wa mbwa, usianze na bei

Simu ilikatwa kabla salamu hazijapoa. Mama huyo, mkunga mstaafu wa Kamachumu wilayani Muleba, alidhani ni mtandao. Akapiga tena, haikupokelewa. Alikuwa ameuliza jambo moja tu: "Hao watoto wa mbwa mnauza shilingi ngapi?"

Alikuwa na sababu ya kuharakisha. Mume alishafariki, watoto wako Mwanza na Dar es Salaam, na katika nyumba ya kibanjani amebaki yeye na mjukuu wa darasa la sita. Kati ya migomba na mibuni ana mistari michache ya vanila. Anayelima zao hilo Kagera anajua adha yake. Ua hufunguka asubuhi moja tu, na lisipochavushwa kwa mkono siku hiyo hudondoka. Likichavushwa, matunda hukaa kwenye mmea miezi kama 9 kabla ya kukomaa vizuri, na miezi yote hiyo mwenye shamba analala sikio moja likiwa nje. Msimu uliopita wezi waliingia usiku wakachuma hadi yaliyokuwa mabichi. Ada ya mjukuu ilikuwa humo.

Ndipo mwanawe wa Mwanza akamwambia atafute mbwa wa maana, aina ya German Shepherd, shepadi kama wafugaji wanavyomwita. Bukoba mjini wapo watu wachache wanaowafuga na wanafahamiana wote. Namba ya mmoja wao ndiyo iliyokatwa.

Mpwa wake anayeuza vipuri vya pikipiki mjini alipopata habari alicheka. "Shangazi, umeanza vibaya. Yule mzee hauzi mbwa kama tunavyouza mikungu ya ndizi. Kwake unakwenda kama mtu anayeposa. Mimi nitakuwa mshenga wako."

Jumapili iliyofuata wakapanda basi mpaka Rwamishenye. Mzee aliwapokea kwa adabu, lakini langoni, wakiwa wamesimama. Nyuma ya wavu, jike mmoja mweusi mwenye miguu ya kahawia aliwatazama bila kubweka. Kisha maswali yakaanza. Mbwa atalala wapi? Atakula nini, na nani atampikia? Nani atakuwa naye mchana? Atafungwa mnyororo? Daktari wa mifugo aliye karibu yuko wapi? Mama alijibu moja moja, huku akihisi kama mwanafunzi wa uuguzi mbele ya matroni.

Likaja la mwisho. "Umewahi kufuga?"

"Wa kawaida tu, waitu. Zamani."

Mzee akatikisa kichwa, akamwambia arudi wiki ijayo kama bado ana nia. Jike lile lilikuwa na mimba, na mbwa hubeba siku 63 hivi, kwa hiyo muda wa kufahamiana ulikuwepo.

Njiani kurudi, mama hakuzungumza sana. Jibu lile halikuwa kweli. Miezi mitatu nyuma, kabla ya kupewa namba ya mzee, alikuwa amenunua mtoto wa mbwa kwa kijana aliyekuwa akiwatembeza barabarani ndani ya boksi. Aliambiwa ni shepadi wa miezi miwili. Alikuwa mdogo kuliko hapo, hata kutafuna alikuwa hajui. Siku ya nne akaanza kutapika, ya tano akaharisha damu, ya sita akafa. Mjukuu ndiye aliyempa jina, na ndiye aliyemzika chini ya mgomba karibu na jiko. Mama aliyezalisha wanawake miaka zaidi ya 30 aliona aibu kusema kwamba kiumbe kidogo kilimfia mikononi namna ile.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine. Akawafahamu wengine: mama mwenye duka Hamugembe, dereva wa lori la mchanga, na daktari kijana wa mifugo ambaye wote walimwita Dokta ingawa ni mdogo kuliko watoto wao. Mwanzoni walizungumza mambo yao naye akiwa pembeni. Akachukua ufagio akafagia banda. Akajifunza kupika ugali wa dona na dagaa bila chumvi nyingi, na kupitisha vidole kwenye manyoya kutafuta kupe.

Jambo lililomshangaza ni daftari. Mzee anaandika kila mbwa, nani baba, nani mama, nani babu, nani alizaa watoto wenye nyonga mbovu. Nairobi kipo chama, East Africa Kennel Club, kinachoandikisha mbwa na vizazi vyao, lakini mbwa wa mzee hawana karatasi za popote. Wana daftari hilo na neno lake. Alieleza kwa namna ambayo Mhaya yeyote anaielewa: kabla ya kuoa unaulizwa ukoo wako na mwiko wa ukoo wako, usije ukaoa dada yako. "Mbwa hawezi kuulizwa," alisema, "kwa hiyo nauliza mimi." Aina yenyewe ilianza hivyohivyo. Mwaka 1899 huko Ujerumani, ofisa wa jeshi aitwaye Max von Stephanitz alinunua mbwa mmoja wa kuchunga kondoo, akampa jina Horand, akamwandika wa kwanza kwenye orodha. Shepadi wote wanahesabiwa kuanzia hapo.

Watoto walipozaliwa, saba, mkunga alipata kazi yake. Kila Jumapili aliwapima kwenye mizani ya jikoni, akaandika uzito kwa mwandiko ule wa kadi za kliniki. Mmoja alipoacha kuongezeka, ni yeye aliyeliona, akashauri awekwe kwenye chuchu za nyuma zenye maziwa mengi. Siku hiyo mama wa Hamugembe alimkaribisha chai kwake. Hakuna aliyemuuliza tena kama bado ana nia.

Wiki ya nane ikafika. Alikuja na kikapu kilichotandikwa kanga. Mjukuu alibaki Kamachumu akisubiri basi barabarani.

Dokta alimaliza kuchoma sindano, akawageukia wote waliokuja kuchukua. Chanjo ya leo si ya mwisho, alisema. Hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16 hivi, na kabla ya hapo asikanyage mahali alipougua mbwa mwingine. "Ugonjwa wa parvo unaua haraka. Kutapika, kuharisha damu, siku chache kwisha. Na kirusi chake hakifi kwa kufagia. Kinakaa ardhini miezi, hata mwaka."

Mama alitazama kikapu. Alifikiria mgomba ule karibu na jiko. Angeweza kunyamaza, maana kaburi lile alilijua yeye, mjukuu na Mungu. Alijiambia kwamba jua la Kamachumu ni kali, kwamba alimwaga majivu. Lakini kazi yake yote ilikuwa kuwaambia wanawake wamweleze mkunga kila kitu, kwa sababu anachofichwa ndicho kinachoua.

"Kwangu alikufa mmoja," alisema. "Hivyohivyo ulivyoeleza. Hata miezi sita haijatimia."

Kimya. Mama wa Hamugembe ndiye aliyevunja. "Mama, wiki zote hizi tumekaa nawe, tukala pamoja, hukusema? Angekwenda kufa huyu!"

Hakuwa na la kujitetea. Mzee hakugomba. Alimchukua mtoto yule kutoka kwenye kikapu taratibu, akamrudisha kwa mama yake, akafunga wavu. Mama alirudi Muleba na kikapu kitupu, na jibu la kumpa mjukuu hakulipata mpaka basi liliposimama. Akamwambia ukweli, kwamba alidanganya, na kwa kudanganya wamemkosa.

Siku nne baadaye gari dogo liliingia kibanjani. Mzee, Dokta, na nyuma yao mama wa Hamugembe amebeba galoni ya jiki. Hawakuja kwa maneno mengi. Walimtaka mjukuu awaonyeshe kaburi. Dokta akapima kwa macho, akasema pale jikoni pasitumike. Banda likajengwa upande wa pili wa nyumba, juu ya sakafu ya saruji inayoweza kusuguliwa, mbali na udongo ule. Vyombo vya zamani vikachomwa. Baraza likasuguliwa kwa jiki na maji. Mtoto wa mbwa angebaki Rwamishenye mpaka amalize chanjo zote, na mama angepeleka dagaa wa kumlisha.

Shemeji yake alipita, akasimama kutazama. "Shemeji, mbwa anajengewa saruji, na sisi tunakanyaga udongo?" Wote wakacheka, naye mzee akacheka. Kisha, wakiwa wamekaa barazani, mzee akasema kitu ambacho hata Dokta hakuwahi kukisikia. "Uzao wangu wa kwanza nilizika sita. Nilikuwa nasikia uchungu wa fedha za chanjo. Niliwaambia watu waliibwa."

Mama akaingia ndani, akatoka na kisahani cha akamwani, kahawa ya kutafuna, akampa mzee kwanza. Mzee akachukua punje, akapitisha kisahani kwa mwenzake. Ndipo kwa mara ya kwanza akataja bei, akaongeza kwamba nusu inaweza kusubiri mpaka vanila iuzwe.

Mtoto alifika Kamachumu akiwa na wiki 17. Jina lilichaguliwa na mjukuu, na si lile la kwanza. Kwenye daftari la Rwamishenye kuna mstari mpya: jina hilo, baba, mama, na mahali anapoishi. Chini yake mzee amemwachia mkunga nafasi ya kuandika uzito.

Msimu huu vanila imefika mwisho ikiwa kwenye mmea. Majirani wameanza kuuliza habari za mbwa yule. Juzi kijana mmoja wa Nshamba alipiga simu, akataka kujua shilingi ngapi. Mama hakukata.

"Tuanze na salamu, mwanangu," alisema. "Halafu niambie, kwako alishawahi kufa mbwa?"