Ndege Hurudi Jioni

Miaka miwili sasa naishi na binti wa mdogo wangu. Mamake alipoondoka kwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, mtoto alikuwa na umri wa miaka 6. Siku ile alinishika buibui kwa mikono miwili, lakini machozi hayakumtoka. Tangu hapo, kila mdogo wangu apigapo simu kuuliza hali, jawabu langu limekuwa moja: "Hajambo, hana neno, anasoma vizuri." Hata mwaka huu, mkataba wake ulipokaribia kwisha na mwajiri akataka auongeze miaka miwili mingine, jawabu langu halikubadilika. Nilimliwaza kwa ile hadithi iliyopokewa na Umar bin Khattab, Allah amuwie radhi, juu ya ndege wanaopata riziki kwa kumtegemea Mola wao. Nilikuwa nikimwambia: ndege hakai kiotani akangoja, bali hutoka. Nawe umetoka.

Likizo ya Disemba tulijikusuru, mimi na mume wangu na watoto, tukaenda Watamu kwa siku mbili. Watoto walitaka kuogelea, lakini asubuhi ya pili maji yalikuwa yamekupwa, tukaenda kwenye hori ya Mida. Pale pana daraja jembamba la mbao, lililoning'inizwa katikati ya mikoko, linalofika hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Nilifurahi kujua kwamba mapato ya kiingilio husaidia karo za wanafunzi wanaoishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke.

Kijana aliyetuongoza alituazima darubini yake. Kwa macho matupu niliona matope tu. Kwa darubini matope yakawa hai: vitwitwi wakikimbia huku na huku, sululu wenye midomo iliyopinda, na yangeyange mmoja aliyetulia kana kwamba yuko katika sala. Wengi wao, kijana alisema, huzaliana mbali kaskazini, hata Urusi, kisha huja kwetu kuikimbia baridi.

Halafu akatuonyesha kundi lililojitenga: ndege weupe, migongo myeusi, miguu mirefu, midomo minene. "Hawa chakula chao ni kaa," akasema, "nao hutoka Uarabuni." Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Huchimba mashimo mchangani, jike hutaga yai moja tu, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kisha huvuka bahari kuja pwani yetu.

Binti yetu akaishusha darubini. "Wanatoka alikoko mama?"

"Naam, pande hizo hizo."

Akatazama tena. Nyuma ya ndege mmoja palikuwa na mwengine wa kijivujivu, akimfuata hatua kwa hatua na kulia kwa sauti nyembamba. Yule mkubwa akachomoa kaa, akampa. Kijana akaeleza kwamba kinda wa ndege huyu huchelewa sana kujitegemea. Husafiri pamoja na mzazi wake, na hata akishafika huku bado hulishwa.

Mtoto alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, bila ya kulalamika: "Mama mkubwa, mbona huyu amekuja na mwanawe?"

Mume wangu akaanza kumweleza habari za karo na kodi ya nyumba. Nilimgusa mkono, akanyamaza. Aliyoyasema yalikuwa kweli yote, lakini hayakuwa jawabu la swali lile.

Usiku ule sikupata usingizi. Ile hadithi ilinirudia, nikatambua kwamba kwa miaka miwili nimeitaja nusu. Ndege hutoka asubuhi na njaa, hilo nililishika. Lakini jioni hurudi akiwa ameshiba, na hilo nililiacha. Mimi si mwanachuoni, wala sitoi hukumu juu ya mama yeyote aliyesafiri kutafuta halali. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeficha nusu ya maneno, kama nilivyomficha mdogo wangu nusu ya habari za mwanawe.

Tuliporudi Mombasa nilidhani mambo ya ndege yamekwisha. Kesho yake, baada ya Alfajiri, nilimkuta mtoto juu ya dari na daftari. Kwa wingi, kwetu ni kunguru, wale wa asili ya Bara Hindi walioletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima. Hula mayai na makinda ya wenzao, ndiyo sababu ndege wadogo ni adimu mjini. Lakini ukikaa kimya utawaona: chozi kwenye mwasumini wa jirani, njiwa kwenye mnara wa msikiti, shomoro kwenye nyaya za stima. Wote aliwaandika. Karibu na Magharibi alipanda tena akawahesabu upya. Nilipomuuliza kwa nini mara mbili, akasema: "Naangalia kama wamerudi wote."

Ijumaa mdogo wangu alipiga simu. "Mtoto hajambo?" Safari hii sikusema hana neno. Nilimsomea daftari, nikampa habari za ndege wa Mida na swali la mwanawe. Alinyamaza muda mrefu, nikamsikia akilia. Sikumwambia arudi, kwa kuwa madeni yetu hayakupungua kwa kutazama ndege. Nilimpa tu habari aliyokuwa na haki ya kuijua kabla ya kutia saini.

Dada zangu, wengi wetu tunalea watoto wa ndugu zetu walioko Ghuba. Hiyo ni amana, na amana si chakula na sare za shule peke yake. Kabla ya kusema "hana neno", tukae na mtoto tumsikilize analo neno gani.

Hadi naandika haya, mdogo wangu hajatia saini, wala hajakata tiketi. Tuombeeni kheri.