Kikombe Badala ya Ndoo

Saketi ninayoitafiti kwa shahada ya uzamili huwasha na kuzima umeme mara milioni 30 kwa sekunde. Umeme wa ukutani huzunguka mara 50 tu, hivyo transfoma yake hubeba ndoo nzima kila safari, na huhitaji chuma kingi. Ukichota kwa kasi yangu, kikombe kinatosha: koili ndogo ya shaba isiyo na chuma ndani.

Kasi hiyo ina gharama. Transista ikiwashwa ingali na volti, nishati iliyojikusanya ndani yake hugeuka joto, kila mara. Mwaka 1975 Nathan Sokal na Alan Sokal walieleza mbinu ya kusubiri volti ishuke hadi sifuri, ndipo uwashe. Ndiyo ninayoitumia.

Baba yangu ni fundi redio. Nilipomwonyesha bodi yangu, aliipima kiganjani, akausifu wepesi wake. Kisha akauliza, “Hii ikiungua, mwanangu, fundi kama mimi ataanzia wapi?”

Swali lake nimeliandika kwenye daftari la utafiti. Joto na ufanisi najua kuvipima. Hilo bado sijalipatia kipimo.