Zamu ya Saba

Ijumaa usiku binamu yangu haendi kazini. Analea wazee majumbani mwao kule Orlando, Florida, na zamu ya usiku wa kuamkia Jumamosi ndiyo yenye malipo mazuri, lakini mtu ambaye hakulala hapaswi kupanda ndege ya kuruka. Kwa hiyo kabla hajalipa hata senti moja uwanjani, Jumamosi yake imeshamgharimu mshahara wa usiku mzima. Aliniambia hayo tukiwa barabarani, mimi mgeni wa wiki mbili kutoka Tanga, yeye kwenye usukani, na kwenye kiti cha nyuma begi jeusi alilolifunga mkanda kama mtoto.

“Usiliegemee hilo, kaka,” alisema. “Humo mna miavuli miwili.”

Kutoka Orlando hadi DeLand ni kama kilomita 60. Kwa msafiri wa kawaida huo ni mji mdogo wenye miti mingi na Chuo Kikuu cha Stetson. Kwa watu wa miavuli, DeLand ni kile ambacho Gerezani ya Dar es Salaam ni kwa mafundi vyuma. Uwanja wake wa ndege ulikuwa kambi ya jeshi la majini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Leo karibu na uwanja huo kampuni ya Performance Designs hushona miavuli, na hapo hapo mjini ipo kampuni iliyoanzishwa na Bill Booth, mtu aliyebuni katika miaka ya 1970 ile mikanda ya pete tatu inayomwezesha mrukaji kuutupa mwavuli uliojisokota kwa kuvuta mpini mmoja tu. Mwanamke wa Tanga anayeruka kwa fedha za kuhesabu amebahatika kuishi jirani na mji kama huu, maana vifaa vilivyotumika, mafundi wa kuvikagua na watu wa kuwauliza wote wako mahali pamoja.

Sisi tuliokulia pwani mwavuli tuliujua kwa askari. Tuliwaona makomandoo wakishuka na bendera kwenye sherehe za kitaifa, tukaamini kuruka ni kazi ya jeshi. Siku hizi Diani, pwani ya kusini ya Kenya, watalii na wenyeji wanaruka na kutua kando ya bahari, na wengi wao hufungwa kifuani mwa mwalimu, wanaruka mara moja, wanapiga picha na kurudi nyumbani. Binamu yangu naye alianza hivyo. Tatizo la fedha lilianza siku aliyotaka kuruka peke yake.

Shule nyingi za Marekani hutoza kitu kama dola 2,500 hadi 4,000 kumfikisha mtu kwenye leseni ya kwanza, ile ya A, inayotolewa na chama cha warukaji kiitwacho USPA kwa mtu aliyetimiza angalau miruko 25. Fedha nyingi huliwa mwanzoni. Katika mfumo unaotumika zaidi, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanafunzi hujifungulia mwavuli wake mwenyewe tangu mruko wa kwanza, lakini walimu wawili hutoka naye mlangoni wakimshika kushoto na kulia. Nafasi za walimu hao ndani ya ndege, na ujira wao, analipa yeye.

Binamu yangu alijaribu kulipa kidogo kidogo. Wakati huo aliishi jimbo jingine. Akalipia darasa la ardhini na mruko mmoja mwezi Mei, wa pili mwezi Juni, kisha mfuko ukakauka. Aliporudi Agosti alikuta kwamba mwanafunzi aliyekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka hurudishwa kwanza kwa mwalimu akumbushwe, na ukumbusho huo unalipiwa. Mwili nao ulikuwa umesahau. Miguu ilikaza, akazunguka angani kama pia, hatua ya tatu ikamshinda, akairudia kwa bei ile ile. Kufikia Septemba alikuwa ametumia dola 1,100 na bado yupo hatua ya tatu kati ya nane.

Nilimsikiliza nikawaza mafuta ya kupima. Anayenunua kipimo kimoja kila jioni, mwisho wa mwezi amelipa zaidi ya jirani yake aliyenunua dumu zima, na amelipa zaidi kwa sababu hakuwa na fedha ya dumu. Mafunzo ya kuruka yana tabia hiyo hiyo, tena kwa ukali, kwa kuwa pengo kati ya mruko na mruko linakula ujuzi wenyewe. Mtu wa kipato kidogo anadhani anajihurumia anapokwenda mara moja kwa mwezi. Hiyo ndiyo njia ya ghali kuliko zote.

Kilichomwokoa ni mchezo.

Alipohamia Orlando aliingia katika kundi la wanawake kumi, wote wahudumu wa wazee, Watanzania, Wakenya na Mrundi mmoja, wanaotoa dola 300 kila mwezi. Kila mwezi mmoja wao anapokea dola 3,000 mkononi. Yeye alipangiwa zamu ya saba. Hapo nikamuuliza swali ambalo ukoo mzima umekuwa ukiuliza: ulianzaje kuruka angani wakati mama yako, shangazi yangu, alikuwa akiishi Pongwe, Tanga, kwenye nyumba inayovuja? Hakukasirika. Mzunguko wa kwanza, alisema, ndio ulioezeka nyumba ile kwa bati jipya, na nilipotembelea Pongwe mwaka jana nilikaa chini ya bati hilo bila kujua limetoka wapi. Mzunguko wa pili ulikuwa wa kozi, wa tatu wa vifaa. Ukiijumlisha, ni subira ya karibu miaka miwili na nusu, na simfahamu mtu katika familia yetu aliyewahi kukisubiri kitu kwa mpangilio kama huo.

Mzunguko wa pili zamu yake iliangukia Februari, na hilo lilimfaa. Florida kuanzia Juni hadi Septemba huwa na radi na mvua za mchana. Mwanafunzi anaweza kukaa uwanjani kutwa nzima akitazama mawingu, amelipa petroli na kukosa zamu bure. Februari mbingu ni kavu. Akachukua likizo ya wiki moja, akafika DeLand na fedha yote ya kozi, akaruka asubuhi na jioni akiwa bado ana joto la mruko uliopita.

Kabla ya wiki hiyo alifanya jambo moja ambalo naliona ni la busara kuliko yote. Orlando kuna mnara wa upepo, ambamo hewa hupanda kwa nguvu ya kumwinua mtu akaelea. Alinunua dakika 15. Mtu anayeruka kutoka kimo cha mita 4,000 hupata kama dakika moja ya kuanguka kabla ya kufungua mwavuli, kwa hiyo dakika hizo 15 zilikuwa sawa na miruko 15 ya kuanguka, na mwalimu aliweza kumgusa mguu uliokaza akaulegeza hapo hapo. Mnara haumfundishi mtu kuuendesha mwavuli wala kutua. Hata hivyo, safari hii hakurudia hatua hata moja.

Tulifika uwanjani saa mbili kasoro. Tulianzia kwa fundi wa miavuli, mzee mwenye miwani, chumba chake kina meza ndefu kama ya kukatia vitambaa na cherehani nne. Sheria ya Marekani inataka mwavuli wa akiba ufunguliwe, ukaguliwe na kukunjwa upya na fundi mwenye cheti kila baada ya siku 180, na wa binamu yangu ulikuwa umebakiza siku chache. Walikubaliana aliache begi kwake jioni, baada ya kuruka.

Juu ya meza hiyo ndipo, siku za nyuma, aliponusurika kununua seti mbovu. Baada ya kupata leseni aliendelea kukodi vifaa, na ukodishaji, kama dola 30 kwa mruko mmoja, humaliza fedha kimyakimya: miruko 100 ni dola 3,000, karibu bei ya seti nzima ya mtumba. Seti mpya yenye mkoba, mwavuli mkuu, mwavuli wa akiba na kifaa cha usalama hupita dola 6,000 kwa urahisi. Kwa hiyo alipoletewa seti ya dola 1,900 alitetemeka kwa tamaa. Aliyekuwa akiuza alisema imetumika kidogo. Binamu yangu hakutoa fedha. Alimwomba muuzaji aipeleke kwanza kwa fundi, yeye akalipia ukaguzi.

Fundi aliufungua mwavuli mkuu, akasoma lebo. Ukubwa wake ulikuwa futi za mraba 135. Binamu yangu pamoja na vifaa vyake ana kilo 72, yaani paundi 159 hivi, na mrukaji mchanga anashauriwa asipite paundi moja kwa kila futi ya mraba. Mwavuli ule ungembeba, lakini ungekwenda kasi kuliko mikono yake ilivyojua kuuongoza. Kamba zake zilikuwa zimesinyaa kwa joto la msuguano, hazilingani tena urefu, na seti mpya ya kamba ni gharama yake peke yake. Mkoba ulikuwa umeshonewa mwanamume mrefu. Tena kifaa cha usalama kilikuwa kimekaribia mwisho wa maisha yake.

Kifaa hicho kinastahili kuelezwa. Kinachojulikana zaidi ni Cypres, kilichobuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuanza kuuzwa mwaka 1991. Ni kompyuta ndogo ndani ya mkoba: mrukaji akifika kama mita 225 kutoka ardhini akiwa bado anaanguka kwa kasi, labda amezimia, labda amesahau, kinakata uzi na mwavuli wa akiba unafunguka. Cypres za sasa huishi miaka 15 na nusu, kisha hutupwa. Binamu yangu alijifunza kuzipima kwa mwaka. Tuseme kipya ni dola 1,200. Hiyo ni kama dola 77 kwa mwaka. Kilichobakiza miaka mitatu kikiuzwa dola 450 kinaonekana rahisi, kumbe ni dola 150 kwa mwaka.

Seti ile aliiacha. Ilimchukua miezi mingine kupata anayotumia sasa, yenye mwavuli wa futi 190, mkoba wa kimo chake na Cypres yenye miaka tisa mbele yake. Alilipa dola 3,400: zile 3,000 za mchezo na 400 za kubana matumizi. Kofia alinunua ya mtumba. Miwani ni ya bei ndogo kabisa dukani. Suti ya kurukia hana, huvaa suruali ya michezo na fulana ya mikono mirefu, na kamera hana hamu nayo. Nakubaliana na mgawanyo huo moja kwa moja: kinachoonekana kwenye picha kinaweza kungoja hata miaka, kinachomrudisha mtu ardhini hakipunguziwi bei. Marekani mwaka 2023 ilikuwa na miruko karibu milioni 3.65 na vifo 10. Hesabu hiyo imepatikana kwa sababu watu wameng’ang’ania pete, kifaa na fundi.

Ndege ilikuwa Twin Otter, aina ambayo Shirika la Ndege la Tanzania liliwahi kuitumia kwenye viwanja vyetu vidogo. Alipanda katika safari yake ya tatu ya siku hiyo. Nilisimama nyuma ya uzio, nikaisikia ikipunguza sauti huko juu, kisha kwa muda mrefu hapakuwa na kitu cha kuona. Miavuli ilipofunguka niliutafuta wa kijani wenye mstari mweupe, ukazunguka juu ya nyasi, ukashuka, naye akatua kwa miguu miwili na hatua tatu za kukimbia. Sikujua kwamba nilikuwa nimeziba mdomo kwa mkono mpaka mzungu mmoja aliponiuliza kama ni dada yangu. Nikamwambia ndiyo.

Alirudi akiwa amekumbatia kitambaa chote kifuani, akakitandaza kwenye zulia la banda na kuanza kukikunja. Wakunjaji wapo, hutoza kati ya dola saba na kumi kwa mkunjo mmoja, na warukaji wenye haraka huwapa. Yeye hukunja mwenyewe, kwa dakika 20, akilala juu ya kitambaa kutoa hewa. Sheria inaruhusu mwavuli mkuu kukunjwa na atakayeruka nao. Siku hiyo aliruka mara tatu, zote kwa kukunja mwenyewe, na chakula chetu cha mchana kilikuwa vitumbua na chai ya chupa tulivyotoka navyo nyumbani.

Saa kumi na moja jioni aliliacha begi kwa fundi, akalipa nusu ya ukaguzi na kuahidi nusu Jumamosi ijayo. Tukaanza safari ya kurudi Orlando. Alikuwa amefikisha miruko 64, na alitakiwa kumkabidhi dola 300 kabla ya saa tatu usiku mwanamke wa Kakamega mwenye zamu ya kumi, ambaye ananunua mashine ya kufyatulia matofali.