Sisimizi Hawana Habari na Baba Yako

Madale, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

 

Ile video ya kujipima nyumbani uliyoirusha kwenye kundi la ukoo nimeitazama mpaka mwisho. Nimeona pia uliyoandika chini yake: kwamba baba yako alikojoa kwenye kopo, akaliacha nje usiku kucha, asubuhi hakukuta sisimizi hata mmoja, na sasa anasema sukari hana na kliniki haendi tena. Pale kundini sikujibu, maana sipendi kumwaibisha kaka yangu mbele za watu. Nakuandikia wewe kwa kuwa ndiwe unayeishi naye, na wewe ndiye anayekusikiliza.

Habari ya sisimizi si uongo mtupu, na ndiyo maana inanitia hofu. Sukari ikizidi sana kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote, inayobaki hutoka na mkojo, na wadudu huifuata. Waganga wa India ya kale waliliona hilo karne nyingi kabla ya maabara. Tatizo ni kwamba figo huanza kuiachia sukari pale mashine yetu ya maabara inaposoma karibu 10 (mmol/L). Mtu aliyelala bila kula, asubuhi akasoma 7 au zaidi, na akirudia siku nyingine majibu yakawa yaleyale, huyo tayari ana kisukari. Sasa mtu anayeamka na 8 mkojo wake wa asubuhi unaweza usiwe na sukari kabisa. Sisimizi hawatakuja, na yeye atajihesabu mzima huku macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu vikiharibika polepole. Tena kwa watu wa umri wa baba yako figo mara nyingi huchelewa zaidi kuiachia. Kwa mjamzito huwa kinyume: anaweza kutoa sukari kwenye mkojo na kisukari asiwe nacho. Na hapo sijagusa mvua, wala dawa ya wadudu iliyopulizwa uani.

Nikueleze tunavyofanya maabara, uone tofauti. Mtu akija na homa namchoma kidole, natia tone la damu kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, naongeza matone ya dawa yake, natazama saa. Pana herufi mbili, T na C. Mstari wa T ndio unaojibu kuhusu malaria. Mstari wa C haunijibu chochote kuhusu mgonjwa. Kazi yake ni kuniambia kama kipimo chenyewe kimefanya kazi. C usipotokea, hata T uwe mwekundu namna gani, nakitupa na kufungua kingine.

Na hata C ukitokea, tunajua kipimo kile kinakosea wapi. Kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinakamata protini ya kimelea inayokawia kutoka kwenye damu. Ndiyo maana kabla ya kuandika majibu huwa namuuliza mgonjwa ametumia dawa ya malaria lini. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo: kitu ambacho makosa yake yanajulikana, na kina namna ya kukuambia kimeharibika. Kopo la baba yako halina mstari wa C.

Ile glasi ya maji ya kwenye video nayo haina. Wanasema ukiamka uteme mate ndani yake, yakishuka kama nyuzi una fangasi mwilini. Mate ya asubuhi ni mazito kwa sababu usiku kinywa hukauka, nayo yana ute wake wa kawaida, kwa hiyo nyuzi zitashuka kwa watu wazima wengi tu. Isitoshe, fangasi hao wanaishi kinywani mwa watu wengi wasioumwa chochote. Angalia pia anayekupa kipimo anauza nini. Kwenye video yako, dakika ileile majibu yanapotoka, namba ya kuagizia unga wa kusafisha mwili inatokea chini. Mwaka 2020 corona ilipoingia zilizagaa jumbe za kubana pumzi sekunde 10, ukiweza basi huna. Wenye maambukizi wengi waliweza, na wakaendelea kukaa na wazazi wao.

Kuna pia ile ya kupima mimba kwa chumvi au dawa ya meno, najua inazunguka kwa wenzako wa hosteli. Mimba hujulikana kwa homoni yake, na chumvi haina uwezo wa kuitambua. Dawa nyingi za meno zina chokaa, mkojo mara nyingi una asidi kidogo, vikikutana povu linatoka, hata mkojo ukiwa wa kaka yako. Kipimo halisi kipo duka la dawa kwa bei ndogo. Rafiki yako akikosa siku zake, akawa na maumivu makali ya tumbo upande mmoja au damu inamtoka, msisubiri povu wala mistari. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na hiyo inaweza kuua kwa saa chache. Mpelekeni hospitali.

Sikatazi mtu kujipima nyumbani. Mwaka 2019 Bunge letu lilibadili sheria ili watu waruhusiwe kujipima VVU wenyewe, na nilifurahi, kwa sababu wengi walikuwa wanaogopa kuonekana kwenye foleni. Kipimo kile kinapangusa fizi, kinatafuta kingamwili za VVU, kina mstari wake wa C, na maelezo yake yanasema wazi kwamba kikionyesha dalili ya maambukizi ni lazima ukahakikishiwe kituo cha afya, na kwamba maambukizi ya ndani ya miezi mitatu iliyopita yanaweza kukipita. Kinakwambia mipaka yake kabla hujakitumia.

Basi kuhusu baba. Usimpinge kwa habari ya sisimizi, ataona unamdharau. Mwambie shangazi ameomba namba yake ya sukari, afya yake inamkosesha usingizi, jambo ambalo ni kweli. Usiku asile baada ya saa mbili, maji anywe tu. Asubuhi asinywe chai, mwende zahanati mapema, na presha wampime papo hapo. Ulizia pia kama wamemtazama miguu. Majibu yakitoka nipigie uniambie namba yenyewe. Nikisikia tu kwamba wamesema yuko sawa, nitakurudisha dirishani ukaulize upya.

Nauli nimekutumia kwenye simu.

Shangazi yako,
Rehema