Kuta za Maruhubi na Wanawake Wasiotajwa



Mfunguo Mosi umeingia na simu zetu zimejaa maharusi. Shela nyeupe, na nyuma yake nguzo za Maruhubi. Gauni la kijani kwenye ukuta wa Mtoni. Hina mpaka viwikoni, na juu kuba za Kidichi. Maashallah wamependeza, na wapiga picha wana haki yao, maana mawe ya matumbawe na chokaa yakipigwa na jua la baada ya alasiri hutoa rangi ambayo ukumbi wa kukodi hauna. Ila chini ya picha huandikwa tu "kwenye magofu", kama kwamba gofu ni pazia la kutundika. Sisi dada watatu tuna maradhi ya mahame tangu tuko skuli. Tumeingia humo na kutoka na vumbi la popo kwenye mabuibui. Leo tunataka kukuambieni mapazia hayo yalikuwa nyumba za nani, kwa sababu sehemu kubwa yalikuwa nyumba za wanawake.

Tuanze na Kidichi, kwa kuwa hapo biharusi yeyote anajiona yumo nyumbani. Ni kama kilomita 11 kutoka mjini, juu ya kilima, penye mikarafuu. Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu ile 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Ukiingia, usikimbilie kutafuta pa kukaa upigwe picha. Tazama kuta kwanza. Utaona ndege na maua yaliyofinyangwa kwa plasta, kazi ya Kiajemi. Nyumba za Waomani wa zama zile zilikuwa kavu, hazikutaka mapambo ya viumbe, kwa hiyo huyu bibi alikuja na mambo ya kwao na hakuyaacha. Alipenda kupanda farasi na kuwinda. Baadaye aliachwa, akarudi kwao, na hamamu ikabaki. Mtu akisuguliwa mle, akakandwa, akapumzika, ni yale yale anayotufanyia somo na singo yake siku za kuwekwa ndani, ila sisi tunatandikiwa mkeka na yeye alijengewa kuba.

Mtoni ni habari nyengine. Hapo alizaliwa Sayyida Salme, 1844, binti wa Sayyid Said kwa suria wa Kicherkesi. Ameandika kwamba wakati wa utoto wake watu wapatao 1000 waliishi katika nyumba ile, na uani walitembea tausi, paa na mbuni. Ukisimama leo katikati ya kuta zile zisizo na paa, jaribu kuwatia watu 1000 humo. Kelele tu!

Lakini kinachotugusa sisi katika habari ya Salme ni kuandika. Mabinti wa nyumba ile walifundishwa kusoma Qur'ani, kuandika hawakufundishwa. Yeye akajifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kumpindua Sayyid Majid, Salme ndiye aliyemwandikia barua zake. Baadaye aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na kuacha dini, jambo linalotuuma kila tukilisoma, na hukumu yake tunamwachia Mola wake. Alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani 1886. Bila ya kalamu ile, Mtoni ingekuwa kuta na mikoko tu.

Barghash huyo huyo, alipokuwa Sultan, ndiye aliyejenga Maruhubi, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Moto wa 1899 ukala mbao zote. Zikabaki nguzo zilizobeba baraza, vyumba vya hamamu, na dimbwi la mayungiyungi. Watembeza wageni watakwambia alimweka pale mke mmoja na masuria 99. Husema huku wanacheka. Hatujui nani aliyehesabu, lakini katika wote hao 99 hakuna hata jina moja linalotajwa.

Soko la watumwa la mjini lilifungwa 1873, kwa mkataba aliousaini Barghash mwenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria 1897. Ila amri ile iliwaacha nje masuria. Wao walingoja mpaka 1909. Miaka 12 zaidi, kwa sababu walihesabiwa kuwa ni watu wa nyumbani. Skuli tulifundishwa 1873 na 1897. Huo mwaka wa tatu tuliusoma wenyewe, tukiwa watu wazima.

Mwaka jana mdogo wetu aliposwa, na alikuwa ameshachagua: picha Maruhubi, ndani ya hamamu, na asmini zimemwagwa chini. Tukamwonesha bibi picha za maharusi wengine ili achague mkao. Bibi akaangalia, akairudisha simu, akasema yeye pale hendi. Tukadhani ni mambo ya majini, kwa kuwa kila gofu Unguja lina wake (nusu ya khofu hiyo ni popo, tunakuhakikishieni). Siyo. Akasema bibi yake aliletwa nyumba ile ni mtoto, kutoka upande wa Nyasa, na hakuletwa kwa harusi.

Tulikaa kimya, na kahawa ikapoa. Nyumba yetu haijawahi kusema neno hilo. Nyumba nyingi za Unguja hazilisemi. Kila ukoo una babu aliyekuja na jahazi lake mwenyewe, na ukizihesabu jahazi hizo bandari isingetosha. Bibi alitutajia jina aliloitwa pale, jina la manukato, kama walivyoitwa wengi wao. Jina alilopewa na mama yake lilipotea njiani. Akatuomba hata hilo la manukato tusiliandike, na hatutaliandika.

Harusi ilifanyika, alhamdulillah. Mdogo wetu alikwenda Maruhubi, siku moja kabla ya hina, bila ya mpiga picha na bila ya asmini. Tulikwenda sote wanne, na bibi alikuja, baada ya yote. Aligusa nguzo moja kwa kiganja, akasoma Fatiha, akauliza kisima kilikuwa wapi. Picha za harusi zilipigwa kwetu, ukutani penye mbilimbi.

Hatusemi na nyinyi msiende. Nendeni. Kuna wanaotuuliza kama inafaa, kwa vile Mtume (S.A.W.) aliwahimiza masahaba wapite haraka penye nyumba za watu wa Hijr. Wale ni kaumu walioteremshiwa adhabu. Hizi ni nyumba za Waislamu zilizoungua na kuachwa, na Qur'ani imetuamrisha zaidi ya mara moja tutembee katika ardhi na kutazama mwisho wa waliotutangulia. Hata hivyo sisi si mashekhe, mwenye shaka amuulize wake. Tunachoomba ni adabu ya mgeni: toa salamu, lipa kiingilio bila ya kunung'unika, usipande juu ya kuta kwa sababu chokaa ile imechoka. Wale wanaochonga herufi mbili na moyo kwenye plasta ya Kidichi, jamani, ndege wale wamekaa pale tangu 1850, mmekosa mti? Jengo la Beit al-Ajaib lilikuwa katika ukarabati, na bado sehemu yake iliporomoka Disemba 2020. Sembuse haya yasiyo na paa.

Tukijaaliwa, baada ya mavuno tunavuka kwenda Pemba, Pujini, penye boma la Mkama Ndume. Wazee husimulia kwamba alikuwa na wake wawili waliochukiana, akajenga kisima kimoja na kukipasua kwa ukuta katikati: mmoja achote kwa ndoo na kamba, mwengine ashuke kwa ngazi, wasionane. Bibi ameicheka sana habari hiyo. Anataka kujua nani alipewa kamba na nani alipewa ngazi, na kama walikuwa wakisemeshana kupitia ukutani wakati mume hayupo. Amesema naye atakuja, mradi tusimpandishe boti ya asubuhi, na ametutuma tumnunulie kofia ya jua.