Mtoto wa ndugu ni mtoto wetu

Mdogo wetu alipofariki Ubelgiji, tulimleta mtoto wake wa miaka mine hapa Bukavu. Tribinali ilitupa hukumu, jinsi Sheria ya Jamaa ya 1987 inavyotaka. Kwa desturi yetu hata hukumu haikuhitajika: baba mukubwa ni baba tu.

Lakini mtoto alituita «tonton». Wenzake walimaliza bugali na sambaza kwa sahani moja, yeye bado anangojea sahani yake. Tulicheka, naye akalia. Siku moja akauliza kwa Kifaransa: «Kama wewe ni baba, papa yangu ni nani?» Tukamujibu: «Ni baba pia. Kwetu baba haondolewi, anaongezwa.»

Sisi walimu tulikuwa tumesahau kwamba desturi nayo inafundishwa, sawa na kusoma. Leo anakula haraka kuliko wote.